Baridi Inatoka Chini: Historia Fupi ya Kumfunika Anayelala Nje

Mwaka juzi, mwezi wa saba, basi nililopanda liliharibika njiani na tukaingia stendi ya Njombe saa saba usiku. Kwa mtu aliyezoea joto la Dar kama mimi, Njombe ya mwezi wa saba haina mzaha. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na upepo unakata. Gesti za karibu zilikuwa zimejaa. Nikajikunyata kwenye baraza la duka, koti mwilini, shuka la Kimasai nimelikunja mara mbili juu yangu, nikajiona nimejipanga vizuri. Haikupita nusu saa meno yakaanza kugongana.

Hatua chache kutoka pale alikuwa amelala mzee mmoja, mbeba mizigo wa palepale stendi. Akaniangalia weee, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, juu umejifunika mara mbili. Na chini je?"

"Chini si saruji tu, mzee."

"Ndiyo hiyo inayokumaliza. Baridi inatoka chini."

Akanitupia maboksi mawili yaliyokunjwa. Akaniambia nitandike boksi, shuka nilikunjue, nusu nilalie na nusu nijifunike. Nikafanya hivyo. Sitasema nililala kama mtoto, lakini nililala.

Mimi nina shahada ya uzamili ya fizikia, na utafiti wangu unahusu jinsi nyuzi za vitambaa zinavyohifadhi joto. Yaani ndiyo kazi yangu kabisa! Lakini usiku ule nilifundishwa na mtu ambaye maabara yake ni baraza la duka. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni nani hasa waliojifunza namna ya kumlinda mtu anayelala nje asiganda, na walijifunzaje? Nilipoanza kuisoma historia hiyo nilikuta mambo mawili yamefungamana. La kwanza ni sayansi ya joto. La pili ni jinsi jamii inavyomtazama mtu asiye na pa kulala. Twende taratibu.

Kwanza, mwili unapotezaje joto?

Kifizikia, mzee alikosea neno moja tu. Baridi haitoki chini. Joto ndilo linalokwenda chini. Baridi si kitu kinachosafiri, ni jina tunaloupa upungufu wa joto. Lakini ushauri wake ulikuwa sahihi kwa asilimia mia.

Mtu aliyelala ni jiko dogo. Mwili wake unatoa joto karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 75. Blanketi halina joto lake lenyewe, kazi yake ni kuchelewesha joto la hilo jiko lisitoroke. Na joto hutoroka kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kugusana. Saruji na mawe hupitisha joto mara kadhaa kumi zaidi ya hewa iliyotulia. Ukilalia saruji, unajaribu kupasha joto jengo zima kwa mgongo wako. Na kumbuka, upande unaoulalia hata blanketi zuri hubanwa na uzito wako, hewa iliyokuwa ndani yake inatoka, na kinga inaisha. Boksi lina mawimbi madogo ya karatasi katikati, na ndani ya mawimbi hayo kuna hewa isiyotembea. Hewa hiyo ndiyo godoro lenyewe.

Njia ya pili ni upepo. Ngozi yako huwa na tabaka jembamba la hewa uliyokwisha kuipasha joto. Upepo ukija unaipeleka kwa jirani, nawe unaanza upya.

Njia ya tatu ni mionzi ya joto. Kila kitu chenye joto hunururisha, hata mwili wako, na usiku usio na mawingu unanururisha kuelekea mbinguni bila kurudishiwa kiasi kinacholingana.

Njia ya nne ni maji. Jasho na mvua vikikauka juu ya mwili vinaondoka na joto. Halafu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo blanketi likilowa, zile nafasi za hewa zinajaa maji na blanketi linageuka kuwa njia ya kutorokea.

Joto la ndani ya mwili, ambalo kawaida ni nyuzi 37, likishuka chini ya 35, madaktari huita hali hiyo haipothemia. Mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, anasinzia, na baadaye hata kutetemeka kunakoma, na hapo ndipo hatari ilipo kubwa. Haihitaji theluji. Nyuzi 10 zikichanganyika na mvua na upepo zinatosha kuua mtu mwenye njaa au aliyelewa. Pombe, ambayo wengi hudhani inapasha joto, hupanua mishipa ya damu ya ngozi, hivyo unahisi moto huku joto la ndani likitoka nje kwa kasi.

Kwa hiyo kinga ya kulala nje ina maadui watatu wakubwa: ardhi, upepo na unyevu. Shika hapo, kwa sababu tutawaona tena kila mahali tunapokwenda.

London, 1824 hadi 1890: mawe ya mto na karatasi chakavu

Vita vya Napoleon vilipoisha mwaka 1815, Uingereza ilijikuta na maelfu ya wanajeshi walioachishwa kazi, wengi bila pa kwenda. Wakaongezeka mijini, pamoja na watu waliokimbia ufukara vijijini. Jibu la Bunge halikuwa mablanketi. Mwaka 1824 ilipitishwa Sheria ya Uzururaji, iliyomfanya mtu anayelala mahali pa wazi, ghalani au ndani ya mkokoteni, bila njia inayoonekana ya kujikimu, kuwa mkosaji anayestahili jela. Tuikumbuke sheria hii, maana itatufikia na sisi.

Mwaka 1864 London ilipata sheria nyingine, iliyotaka vyumba vya kulala wapita njia viwekwe kwenye nyumba za maskini. Mwandishi James Greenwood alijifanya fukara na kulala katika kimoja huko Lambeth, Januari 1866, kisha akaandika alichokiona kwenye gazeti la Pall Mall Gazette. Watu walilazwa kwenye banda lililokuwa wazi upande mmoja, juu ya magodoro ya nyasi yaliyowekwa kwenye sakafu ya mawe. Ukipima kwa maadui wetu watatu, banda lile lilishindwa na upepo, likapigana kidogo na ardhi. Habari ile iliitikisa nchi.

Tufike 1890. William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, alichapisha kitabu kiitwacho In Darkest England and the Way Out. Kichwa hicho kina uhusiano na kwetu. Mwaka huohuo Henry Morton Stanley alikuwa ametoa In Darkest Africa, kitabu cha safari yake ya kumwokoa Emin Pasha kupitia msitu wa Kongo, safari iliyobebwa migongoni na mamia ya wapagazi walioajiriwa Zanzibar na kuishia Bagamoyo Desemba 1889. Waingereza walikuwa wanakisoma kwa hamu. Booth akawageuzia kioo: mnasema giza liko Afrika, je, la kwenu pembeni ya mto Thames mmeliona?

Kisha akaonyesha ushahidi. Maofisa wake walitoka usiku wa mwezi Juni kuwahesabu waliolala nje, na katika sehemu mbili tu za jiji, kando ya mto na sokoni Covent Garden, walipata zaidi ya watu 300. Na huo ulikuwa usiku wa kiangazi! Mmoja wa maofisa hao alieleza aliyoyaona kando ya mto: watu wamelala wamebanana kwenye mawe yanayokinga upepo kidogo, bila cha kujifunika zaidi ya nguo walizovaa. Wachache walikuwa wametandika vipande vya karatasi chakavu ili kupunguza ubaridi wa jiwe. Wengi, akasema, walikuwa wamechoka kiasi cha kushindwa hata kufanya hivyo.

Nilipofika kwenye maelezo hayo niliacha kusoma kwa muda. Karatasi chini ya mwili, kubanana ili kugawana joto, kutafuta ukuta unaokata upepo. Ni fizikia ileile ya mzee wa Njombe, zaidi ya miaka 130 nyuma, kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wataalamu.

Jeneza la peni nne

Jeshi la Wokovu lilikuwa limefungua malazi yake ya kwanza London mwaka 1888. Malazi ya bei ya chini ya jiji wakati huo yalikuwa na ngazi zake, na kila ngazi ilipimwa kwa peni, ambazo 12 zilikuwa shilingi moja. Kwa fedha ndogo kabisa ulikaa kwenye benchi. Kwa peni mbili, mahali pengine, ulikaa kwenye benchi ukaegemea kamba iliyofungwa mbele yako, na alfajiri kamba ikaondolewa, mtake msitake. Kwa peni nne ulipata sanduku la mbao, limepangwa na mengine safu kwa safu, lenye godoro la kitambaa kisichoingiza maji. Watu wakaliita jeneza. George Orwell, aliyeishi kwa muda miongoni mwa mafukara wa jiji hilo, aliyataja yote mawili, kamba na jeneza, katika Down and Out in Paris and London, kitabu cha mwaka 1933.

Jina linatisha, lakini hebu tulipime kisayansi. Sanduku linamwinua mtu kutoka kwenye sakafu au kumtenga nayo, kwa hiyo ardhi imeshindwa. Kuta zake zinakata upepo. Kitambaa chenye mafuta kinafutika, kwa hiyo unyevu na chawa havina makao. Mhandisi angelipa alama nzuri. Ila mtu mzima aliyelala ndani ya sanduku, pamoja na wengine mia waliolala hivyohivyo, alijua anafananishwa na nini. Kumbe kinga inaweza kufaulu kwa mwili na ikashindwa kwa mtu. Tatizo hili litatufuata hadi mwisho.

Mablanketi yaliyokosa vita

Hadithi inayofuata ndiyo naipenda kuliko zote. Katika mji mdogo wa Newtown, Wales, palikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa vya sufu aitwaye Pryce Pryce-Jones, mmoja wa waasisi wa biashara ya kuagiza bidhaa kwa barua. Mwaka 1876 alipata hataza ya kitu alichokiita Euklisia Rug: blanketi la sufu lililokunjwa na kufungwa pembeni ili mtu aingie ndani, likiwa na mfuko wa kuwekea mto wa mpira unaojazwa upepo. Wengi wanalihesabu kuwa mfuko wa kulalia wa kwanza kutengenezwa kibiashara.

Mteja mkubwa alikuwa jeshi la Urusi, lililokuwa vitani na Waturuki. Mablanketi 60,000 yakaagizwa. Lakini mwishoni mwa 1877 ngome ya Plevna, ambayo leo ni Pleven ya Bulgaria, ikaanguka, na oda iliyobaki ikafutwa. Pryce-Jones akabaki na mizigo 17,000 isiyo na mwenyewe. Afanyeje? Akaitangaza kama matandiko ya bei nafuu kwa taasisi za misaada zinazohudumia maskini, na mengine yakapata soko kwa watu wa porini Australia.

Ona basi njia iliyopitiwa. Kitu kilibuniwa kwa ajili ya askari, vita vikaisha, mabaki yakamfikia fukara. Utaona mtindo huohuo ukirudiwa: kinga nzuri hutengenezwa kwanza kwa askari, mpanda mlima au mwanaanga, na asiye na nyumba huipokea ikiwa imeshakuwa mabaki.

Na sufu ilikuwa na faida moja ya kweli: ikilowa, bado inashika joto kiasi. Pamba haina huruma hiyo. Manyoya ya bata, ambayo yakiwa makavu ni bingwa, yakilowa yanashikamana na kuwa mabonge.

Je, kwa nini wasimfunge mtu kwenye kitambaa kisichoingiza maji kabisa? Walijaribu. Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza mwaka 1823 ya kitambaa chenye mpira katikati, tabaka mbili za nguo zikiwa juu na chini yake. Mvua haikupita. Lakini jasho nalo halikupita. Mwili hutoa mvuke usiku kucha, na mvuke ukikutana na ukuta wa baridi unageuka matone. Ukilala ndani ya nailoni iliyofungwa unaamka umelowa kwa mvua yako mwenyewe. Yeyote aliyewahi kujifunika turubai la plastiki safarini anajua.

Suluhisho lilichelewa sana. Mwaka 1969 Bob Gore, nchini Marekani, aligundua kwamba plastiki aina ya PTFE ikivutwa ghafla inafanya utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupenya, lakini molekuli za mvuke zinapita. Kutoka hapo ikaja Gore-Tex. Ni kitambaa kizuri kwelikweli, na bei yake pia unaijua. Anayelala nje kila siku ndiye anayekihitaji zaidi, na ndiye asiyeweza kukinunua.

Gazeti la rais na karatasi ya anga za juu

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoipiga Marekani baada ya 1929, watu waliopoteza kazi na nyumba walijenga vibanda vya mbao na mabati chakavu pembezoni mwa miji, wakaviita Hooverville, kumsuta Rais Herbert Hoover. Gazeti kuukuu la kujifunikia usiku wakaliita blanketi la Hoover. Utani huo ulikuwa mchungu, lakini gazeti lenyewe si utani. Ukilikunjakunja na kuliingiza kati ya shati na koti, linashika hewa na kukata upepo. Waendesha baiskeli wa mashindano wamelitumia kifuani kabla ya kuteremka milima. Kasoro yake ni moja: mvua ikinyesha, kwaheri.

Mwaka 1964 wahandisi wa NASA walitengeneza karatasi nyembamba ya plastiki iliyopakwa mvuke wa alumini. Ndiyo ile foili inayong'aa unayoona wakimbiaji wa maratoni wakivikwa mwishoni. Inarudisha hadi asilimia 97 ya mionzi ya joto, ina uzito mdogo na inaingia mfukoni. Kwa hiyo tumemaliza kazi? Hapana. Rudi kwenye zile njia nne. Foili inashughulikia mionzi, na inakata upepo isipochanika. Haifanyi lolote kwa ardhi, kwa kuwa ni nyembamba mno na joto la kugusana linapita moja kwa moja. Na kwa jasho ina tatizo lilelile la Macintosh. Kwa ajali ya barabarani ukisubiri gari la wagonjwa, inafaa sana. Kwa mtu atakayelala nje miezi sita, boksi la mzee wa Njombe litamsaidia zaidi kwa upande wa chini.

Walipoanza kuulizwa wenyewe

Mpaka hapa utagundua kitu: hakuna aliyemuuliza anayelala nje anataka nini. Mabadiliko yalianza polepole mwishoni mwa karne iliyopita.

Mwaka 1998 Michael Rakowitz, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamili kama sisi huko MIT, Marekani, aliona watu wakilala karibu na matundu ambayo majengo hutolea hewa ya moto. Akawashonea mahema ya mifuko ya plastiki na utepe wa kunatisha, yenye ngozi mbili. Unachomeka mdomo wa hema kwenye tundu la jengo, hewa ya moto inaingia kati ya ngozi hizo mbili, hema linavimba na kupata joto. Gharama ilikuwa kama dola 5. Akaliita paraSITE, yaani kupe.

Hema la kwanza alilitengeneza kwa mifuko myeusi ya taka, akidhani watumiaji watataka faragha. Wakamrekebisha. Walimweleza kuwa faragha si shida yao, shida ni usalama: wanataka kumwona anayewajia, na wanataka kuonekana. Akabadilisha, akatumia mifuko inayopitisha mwanga. Huko New York, ambako kitu chenye kimo cha zaidi ya futi 3 na nusu kilihesabiwa kuwa hema lisiloruhusiwa, alimtengenezea mtu mmoja la kimo cha chini ya hapo, ili polisi wakija apime mbele yao. Sheria ikawa kipimo cha usanifu, kama upepo na mvua.

Mwaka 2010 Veronika Scott, mwanafunzi wa usanifu wa Detroit, alibuni koti linalokunjuka kuwa mfuko wa kulalia. Alipolipeleka kwenye makazi ya muda, mwanamke mmoja alimfokea kwamba hawahitaji makoti, wanahitaji kazi. Angeweza kuondoka amenuna. Badala yake akaanzisha shirika, Empowerment Plan, linalowaajiri watu wa makazi hayohayo kushona makoti hayo kwa mshahara. Sehemu ya sufi yake ya kuzuia joto ilitoka kwenye mabaki ya kiwanda cha magari cha General Motors, malighafi iliyokusudiwa kupunguza kelele ndani ya gari. Nyuzi zinazonasa sauti hunasa pia hewa, na hewa iliyonaswa ni joto.

Uholanzi, mwaka 2014, mbunifu wa mavazi Bas Timmer wa mji wa Enschede alipata habari kwamba baba wa rafiki zake amekufa kwa baridi mtaani. Akatengeneza Sheltersuit: koti lenye kofia kubwa linaloungana kwa zipu na mfuko wa miguu, nje kitambaa cha hema kisichoingiza maji, ndani mifuko ya kulalia iliyotolewa msaada. Baadaye kazi hiyo ilifika hadi Cape Town. Zipu ile ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu aliyefungwa ndani ya mfuko hawezi kukimbia akivamiwa. Hapa anafungua na kukimbia, koti likiwa bado mwilini. Na mchana halazimiki kubeba furushi linalomtangaza kwa kila mpita njia.

Mji wa Ulm, Ujerumani, ulijaribu njia nyingine Januari 2020: vibanda vidogo vya mbao na chuma vyenye kitanda, hewa safi na vihisio visivyo na kamera, vinavyotoa taarifa mlango ukifunguliwa ili asubuhi mhudumu aje kumjulia hali aliyelala. Vinafanana na sanduku la peni nne, sivyo? Tofauti ni kwamba kina mlango, aliye ndani ndiye mwenye kufuli, na kuna mtu anayekuja kumwamkia.

Sheria iliyovuka bahari

Nilisema tuikumbuke ile sheria ya 1824. Waingereza waliisafirisha pamoja na bendera. Makoloni yao yalipata sheria za uzururaji zilizofuata mfano huo, Kenya na Tanganyika zikiwemo, na zilitumika kuwaondoa Waafrika mijini wasipokuwa na kazi inayotambulika. Uhuru ulipokuja, nyingi zilibaki kwenye vitabu. Kenya iliifuta Sheria yake ya Uzururaji mwaka 1997. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Ilichukua takriban miaka 200 kutoka London hadi Arusha kusema kwamba hali ya mtu si kosa.

Kwa nini naliingiza hili kwenye makala ya sayansi? Kwa sababu kinga bora duniani haifanyi kazi ikiwa imechukuliwa. Pita Nairobi au Dar alfajiri, waone vijana wanaoitwa machokoraa wakikunja viroba na maboksi haraka kabla askari wa jiji hawajafika. Boksi lililoloa linaweza kubadilishwa kesho. Blanketi lililotupwa kwenye gari la taka ni usiku mzima wa joto la mwili uliopotea. Mbele ya mtu anayelala nje, sheria inaweza kuwa adui wa nne, baada ya ardhi, upepo na unyevu.

Blanketi au nyumba?

Wapo wanaosema: ukimpa mtu koti zuri la kulalia nje, unamzoesha nje. Hoja hii si ya kubeza. Finland, tangu 2008, iliamua kuanza na nyumba: mpe mtu ufunguo wa chumba chake kwanza, matatizo mengine yatibiwe akiwa ndani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020 idadi ya wasio na makazi ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna kitambaa chochote, hata cha NASA, kilichowahi kupata matokeo kama hayo. Ukuta, paa na kitanda vinawashinda maadui wote kwa pamoja, na mlango unaofungwa unamrudishia mtu heshima yake.

Lakini nyumba hujengwa kwa miaka, na haipothemia huchukua saa chache. Kwa maoni yangu, kosa la miaka yote hii halikuwa kutoa blanketi. Kosa lilikuwa kulitoa na kuhesabu kwamba kazi imekwisha, halafu kulitoa bila kumuuliza atakayelilalia. Rakowitz aliuliza, na mifuko myeusi ikabadilishwa. Scott alifokewa, akasikiliza, na koti likawa ajira.

Kwa hiyo ukitaka kusaidia msimu huu wa baridi, iwe Njombe, Arusha, Limuru au mji wowote wa juu, anza na chini: boksi kavu, gunia, mkeka wa povu. Halafu kitu cha kukata upepo na mvua kinachoacha mvuke utoke. Blanketi lije baada ya hapo. Na kabla ya yote, muulize mwenyewe.

Alfajiri ile Njombe nilimrudishia mzee maboksi yake, yamekunjwa vizuri. Nikamshukuru, nikamwambia kwa kujigamba kidogo kwamba mimi nasomea mambo ya joto chuo kikuu. Akacheka sana.

"Sasa, mwanangu, wanakufundisha nini huko kama hata kulala hujui?"

Basi la kwanza likapiga honi. Akanyanyuka, akayaficha maboksi nyuma ya kibanda cha chipsi, mahali ambapo mvua haifiki na askari hawaangalii, akaenda kuanza kubeba mizigo.